Wiki Waliyokuja Waajiri

Tuliambiwa tuisugue sakafu ya karakana mpaka saruji ionekane, na hapo ndipo nilipoamini kwamba waajiri wanakuja kweli. Tangu mwaka uanze tulikuwa tunasikia tu: watakuja watu wa reli, watakuja watu wa mkonge, watakuja watu wa kiwanda cha nguo. Mwezi ulikuwa ukiisha bila mtu kutokea, nami nikizidi kukosa utulivu. Nilikuwa mwaka wa mwisho katika shule ya ufundi iliyokuwa nje kidogo ya mji wa Same, pale nyumba zinapokwisha na vichaka vya miiba vinapoanza. Nilisomea ufundi wa mitambo. Wasichana tulikuwa wachache mno, hata bweni letu lilikuwa stoo ya zamani iliyopakwa chokaa na kuwekewa vitanda.

Kwetu ni Mhezi, juu milimani. Mama alizoea kusema kwamba nilizaliwa na siafu miguuni. Nikipewa kazi ya kukaa, kama kuchambua maharage au kumbembeleza mtoto, baada ya muda mfupi tu nimeshasimama, niko mlangoni, natazama bonde. Kutoka kwetu asubuhi ukungu ukiondoka unaliona bonde lote la chini, jekundu na kavu, na reli ikipita katikati yake kama uzi. Nadhani reli ile ndiyo iliyoniharibu. Nilipochaguliwa kwenda shule ya ufundi, mama alilia na baba akachinja jogoo, na mimi sikuweza kumaliza paja nililopewa kwa haraka ya kuondoka.

Rafiki yangu mkubwa pale shuleni alisomea umeme. Yeye alizaliwa bondeni, kwenye kambi ya manamba katika shamba kubwa la mkonge. Baba yake alitoka Kigoma akiwa kijana, kwa mkataba wa kukata mkonge, na mkataba ulipokwisha hakurudi tena kwao. Mama yake alitoka Songea. Kwa hiyo nyumbani kwao hapakuwa na lugha nyingine ila Kiswahili, na alikuwa akinicheka kila lafudhi ya Kipare iliponiponyoka.

"Wewe mtu wa mlimani," alikuwa akiniambia, "ukifika mjini usifungue mdomo kwanza. Waache wakuone tu."

Alikuwa na akili ya pekee. Mwalimu akichora mchoro wa nyaya ubaoni, yeye alikwisha kuona kosa kabla chaki haijashuka. Kitu kimoja tu alikitaka: kazi yoyote, mji wowote, almradi isiwe kwenye shamba la mkonge. Mimi nilitaka reli. Tulikubaliana kwamba tutaitaka wote wawili, twende pamoja, tupange chumba kimoja.

Jumatatu wiki ilifunguliwa kwa gwaride. Upepo wa Same ulikuwa ukivuma toka alfajiri, ukitujaza mchanga kwenye meno huku tumesimama mistari. Mkuu wa shule alikuwa mtu mrefu, mpole, ambaye hotuba zake zote zilikuwa na neno kujitegemea. Alitueleza mpango: michezo na mdahalo siku za mwanzo, kisha waajiri, Ijumaa majibu, na Jumamosi wazazi waje kutazama kazi zetu.

"Ndugu zangu," akasema, "taifa linawatazama mikono, si viatu."

Tukatazama viatu vyetu.

Siku hizo za mwanzo zilinitesa. Wenzangu walivuta kamba, wakacheza mpira, wakakimbia wakiwa ndani ya magunia na kuanguka wakicheka. Mimi nilizunguka uwanja. Kwenye mdahalo uliosema fundi ni bora kuliko karani, nilipewa nafasi ya kutetea fundi, nikasema maneno yangu yote kwa pumzi moja na kukaa kabla ya muda wangu kwisha. Upande wa karani ukashinda kwa sababu mtetezi wao alisema fundi naye akitaka mshahara humwamkia karani. Ukumbi ulivunjika kwa vicheko. Rafiki yangu alinivuta sikio tulipotoka.

"Ulikuwa unakimbilia wapi?"

"Sijui."

"Ndiyo matatizo yako hayo. Unakimbia kwanza, halafu ndiyo unauliza njia."

Watu wa reli walifika Jumatano kwa treni ya abiria, wakatembea kutoka stesheni wakiwa na mabegi yao mkononi. Aliyekuwa mkubwa wao alikuwa mzee mwenye mvi masharubuni, mtulivu, asiyependa maneno mengi. Alitupa mtihani sisi wa mitambo: kila mmoja alipewa kipande cha chuma na bamba lenye tundu la mraba. Ukipige tupa kipande chako mpaka kiingie kwenye tundu, ukigeuze upande wowote kiingie, na ukikiinua kwenye mwanga usione nuru inapenya pembeni.

Kazi ile ndiyo pekee iliyonituliza wiki nzima. Nilikifunga chuma changu kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, nikaanza. Tupa ina sauti yake. Ukienda vibaya inapiga kelele, ukienda sawasawa inanong'ona. Nilisahau upepo, nilisahau wenzangu. Nilipomaliza, mzee yule alikichukua kipande changu akakiingiza, akakigeuza, akakiingiza tena, kisha akakiinua dirishani. 

"Umefundishwa na nani?"

"Na mwalimu wetu, shikamoo." Nilichanganya, nikamwamkia katikati ya jibu.

"Marahaba. Kazi safi." Akakiweka chini taratibu. "Tatizo ni moja. Karakana yetu ya mitambo kule Tabora haina mahali pa kulaza wanawake. Upande wa umeme tunaweza kumchukua mmoja, akae na wauguzi wa hospitali. Mitambo, hapana."

"Nitapanga chumba mtaani, mzee."

"Msichana peke yake, mji wa ugenini? Baba yako akiniuliza nitamjibu nini?"

"Hatakuuliza. Yuko Mhezi."

Alitabasamu, lakini nilijua kwamba mlango umefungwa. Alikwenda chumba cha umeme, na jioni ile ile habari zikatoka kwamba amempenda rafiki yangu. Alinijia akikimbia, kisha aliponiona uso akapunguza mwendo.

"Nitawaambia wakuchukue na wewe, la sivyo siendi," akasema.

"Usiwe mjinga."

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana tuondoke. Basi ondoka."

Sikula jioni ile. Nilitembea kando ya ua wa miiba wa shule mpaka matroni akanifuata na kuniuliza kama nimepoteza kitu.

Alhamisi ilikuja lori la shamba la mkonge. Shamba lile lilikuwa la Mgiriki mmoja, likataifishwa, na sasa lilikuwa na mhandisi kijana, mfupi, mwenye miwani, aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo. Mwalimu wetu mmoja alipompokea kwa "Karibu, bwana mkubwa," mhandisi alishtuka kama aliyemwagiwa maji.

"Ndugu tu, mwalimu. Mabwana wakubwa wameshaondoka na magari yao."

Nyuma ya lori waliteremka wajumbe wa kamati ya wafanyakazi. Mmoja wao alikuwa mwanamume mweusi tii, mabega mapana, suruali ya kaki imepigwa pasi mpaka ina makali. Mkono wake wa kushoto ulikosa vidole viwili. Rafiki yangu aliyekuwa amesimama nami alishika mkono wangu kwa nguvu.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini. "Hakuniambia kama anakuja."

Alikwenda kumwamkia akipiga goti, naye mzee akamshika kichwa, akawageukia wajumbe wenzake akacheka kwa furaha. "Huyu ndiye. Si niliwaambia?" Ikawa wazi kwetu kwamba kambi nzima ilikuwa imeshaambiwa: binti wa kambi anarudi, ni fundi wa umeme, atakaa nyumba za mafundi zenye saruji.

Mhandisi alituweka sote wa mitambo na umeme ndani ya karakana, wajumbe wakasimama mlangoni. Hakutupa mtihani wa mikono. Aliuliza swali. Alitueleza korona ni nini kwa wale wasiojua: ni mashine kubwa inayomeza majani ya mkonge na kuyasaga nyama, zikabaki singa, nyuzi tupu za kwenda kuanikwa. "Sasa," akasema, "wewe ndiye fundi wa zamu. Saa sita mchana korona imesimama ghafla. Majani yamejaa kwenye mkanda, matrekta yamepanga foleni, meneja anapiga kelele. Unaanza wapi?"

Mmoja akasema ataanza na mota. Mwingine akasema mkanda. Mwingine, swichi kubwa. Mimi nilisema nitatazama beringi, kwa sababu mitambo ndiyo niliyoijua. Mhandisi alikuwa akitikisa kichwa kwa kila jibu, si kukubali wala kukataa. Kisha akamwonyesha rafiki yangu kidole.

Alijibu bila kumtazama baba yake. "Ninaanza kwa kumtafuta mtu. Korona haisimami ghafla mchana bila sababu. Kwanza naangalia kama kuna mkono wa mtu ndani."

 Upepo tu ulisikika kwenye mabati. Mzee pale mlangoni aliuficha mkono wake wa kushoto nyuma ya mgongo, taratibu, kama mtu anayerekebisha shati.

"Huyu," mhandisi akasema, akivua miwani na kuifuta. "Huyu ndiye ninayemtaka. Ndugu, shamba litakupokea mwezi ujao."

"Siendi," rafiki yangu akasema.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekataa chai. Lakini mkuu wa shule alisimama, na wajumbe wakaanza kutazamana, na baba yake akageuka akatoka nje.

"Wafanyakazi wamekuomba wenyewe," mhandisi akasema kwa upole. "Ni kwenu pale."

"Najua ni kwetu. Kila siku ya utoto wangu ilikuwa pale. Nimepata reli, naomba niende reli."

Nilimkuta mzee nyuma ya lori, amekaa kwenye kivuli cha tairi. Nilikuwa nimemletea kikombe cha chai kutoka jikoni, maana sikujua nifanye nini kingine na miguu yangu haikutaka kusimama. Nilimwamkia, nikamwambia mimi ni rafiki wa binti yake. Alipokea chai kwa mkono wa kulia.

"Kaa," akasema.

"Siwezi kukaa, baba. Nina wasiwasi."

Alicheka kidogo. "Basi simama. Wewe nawe umekataa kazi leo?"

"Mimi ndiyo nimekataliwa. Jana, na watu wa reli."

Alikunywa chai yake polepole. Nilidhani atamlaumu binti yake, nilikuwa nimeshatayarisha maneno ya kumtetea. Hakumlaumu.

"Nilimwambia baba yangu nakwenda Tanga, narudi baada ya mvua," akasema. "Mvua ngapi zimenyesha. Alikufa bila kuniona. Sasa leo mwanangu anataka kwenda, mimi nitamwambia nini? Lakini inauma, mwanangu. Nisikudanganye. Nimewaambia watu kambi nzima, mpaka wale wauza vitumbua wanajua."

Wakati ule mhandisi alikuwa anatoka karakana na mkuu wa shule, wakielekea kwenye lori. Nilisikia mkuu akisema pole, na mhandisi akisema kwamba hata hivyo anahitaji fundi wa mitambo, kwamba korona ile imekuwa kama ng'ombe mgonjwa. Sijui ni nini kilichonisukuma. Nimejiuliza mara nyingi. Nilikwenda nikasimama mbele yao.

"Ndugu mhandisi, mimi nitakuja."

Alinitazama. "Wewe wa beringi."

"Ndiyo. Na nimepasi mtihani wa reli, isipokuwa hawana kitanda."

"Sisi vitanda tunavyo," akasema, kisha akaniuliza natoka wapi. Nilipomwambia Mhezi, yeye na mkuu wa shule wakatazamana. Siku zile watu wa mlimani hawakushuka kwenye mkonge. Walishuka kuwa walimu, makarani, watu wa kanisa, wafanyabiashara wa Mwanga na Same. Mkonge ulikuwa wa wageni waliotoka mbali. Hakuna aliyelisema hilo kwa mdomo; lilijulikana tu, kama vile watu wanavyojua shamba la nani linaishia wapi.

Ijumaa majina yetu yalisomwa mbele ya shule. Rafiki yangu reli, mimi mkonge. Alipiga makofi kwa ajili yangu huku machozi yanamtoka, akaniambia nimerukwa na akili. Ngoma zikapigwa mpaka jioni. Mimi nilicheza kuliko siku yoyote, kwa sababu kila nilipotulia nilikuwa nauona uso wa mama.

Alikuja Jumamosi. Alikuwa ameshuka kwa lori la tangawizi kutoka upande wa Myamba, amekaa juu ya magunia, kanga imejaa vumbi, na kikapu cha makande yaliyofungwa kwenye majani ya mgomba. Nilimwonyesha jiliwa yangu, tupa zangu, kipande changu cha chuma. Alikiingiza kwenye tundu mwenyewe, akakitoa, akakiingiza, akafurahi kama mtoto. Kisha akauliza nimepangiwa wapi. Nikamwambia.

Alikirudisha kipande mezani.

"Mkonge?"

"Ndiyo, mama."

"Wewe? Kwenye manamba?" Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Tumekusomesha ukae kambini na watu wasiojulikana kwao?"

"Wanajulikana, mama," nikasema. 

Yule mzee alikuwa amerudi siku ile, safari hii kwa ajili ya binti yake tu, pamoja na mkewe. Rafiki yangu aliwaleta mpaka karakana. Wakaamkiana, wazee kwa wazee, wakaulizana habari za mvua. Mama alijibu kwa adabu lakini macho yake yalikuwa kwenye ule mkono. Mwishowe hakuweza kujizuia.

"Mzee, samahani. Mkono huo ulikuwaje?"

"Korona, mama. Nilikuwa nalisha majani. Ilinivuta."

"Na ndiyo mashine mwanangu anayokwenda kuitumikia?"

"Ndiyo hiyo."

Nilidhani amenimaliza. Rafiki yangu alifumba macho. Lakini mzee aliendelea, sauti ile ile. "Mama, mashine ile haina kinga mbele ya meno yake. Tumeomba wakati wa Mgiriki, tukaambiwa itapunguza kazi. Tunaomba sasa, tunaambiwa hakuna fundi wa kuitengeneza. Mwanao ni fundi. Mimi sitakwambia hakuna hatari. Nakwambia atakaa nyumbani kwangu, atakula kwa mke wangu, na jioni asipoonekana mimi mwenyewe nitakwenda kumtafuta. Wangu anakwenda mbali. Kitanda chake kipo."

Mkewe akaongeza neno moja tu: "Kipo."

 Mama akafungua kikapu, akatoa makande, akaanza kuwagawia watu wote tuliokuwa pale, kila mmoja kwenye jani lake. Mtu wa kwetu hamgawii chakula mtu anayetaka kumkatalia. Nilishusha pumzi.

Ila kwangu hakusema ndiyo. Alipokuwa anapanda lori kurudi, alinishika kidevu kwa vidole vyake vikavu. "Utakuja nyumbani kila ukipata nafasi. Na usisimame karibu na kile kidude kama ulivyozoea kusimama kila mahali."

Nilikwenda mwezi uliofuata. Kazi ya kwanza niliyoomba ilikuwa kinga. Mhandisi alikubali, tukaikata kutoka bodi la lori bovu. Haikukaa hata wiki. Wenyewe waliokuwa wakilisha majani waliifungua na kuitupa nje, kwa sababu walipewa kazi kwa kipimo na kinga iliwachelewesha. Nililia kwa hasira, na yule mzee, ambaye sasa nilimwita baba kama binti yake alivyomwita, akaniambia nisiwalaumu bali niwaulize inawazuia wapi. Nikakaa nao. Mimi, niliyekuwa siwezi kukaa, nilikaa kwenye joto na uvundo wa majani yaliyosagwa, nikitazama mikono yao inavyokwenda. Kinga ya pili ilikuwa na bawaba na mdomo mpana zaidi. Waliilalamikia, lakini hawakuitoa. Kwa muda wote niliokuwa pale korona haikumla mtu mkono, ingawa ilikula beringi nyingi na uvumilivu wangu wote.

Rafiki yangu alikuwa akija likizo na zawadi za sabuni na asali ya Tabora. Yeye na baba yake walianza kwa kuongea habari za wengine tu, kisha wakaongea za kwao. Mwaka mmoja alikuja na vibali vya kusafiri ambavyo watu wa reli waliwapa wafanyakazi kwa ajili ya wazazi wao. Mzee alikuwa ameacha kazi. Aliamua kwenda Kigoma kutazama kama nyumba ya baba yake bado ina watu.

Niliwasindikiza mpaka stesheni ya Same, maana shamba lilikuwa linanituma kuchukua vipuri siku hiyo. Mzee alivaa koti alilonunua kwa safari, akawa hatulii, anakwenda mwisho wa jukwaa na kurudi, anamwuliza mkewe kama wamefunga mlango. Treni ilipochelewa, akaniambia hajui Kiha chake kama bado kinaeleweka.

"Utawaambia nini ukifika?" nikamwuliza.

"Nitawaamkia kwanza," akasema. "Halafu tutaona."

Wakapanda. Rafiki yangu alinipungia dirishani mpaka mabehewa yakapotelea kwenye vumbi. Nilibaki jukwaani kidogo, halafu dereva wa lori akapiga honi, kwa sababu vipuri vilikuwa vimeshapakiwa na korona ilikuwa inasubiri.